Wanzala Eldadi

Ulizaliwa Juni, mwezi wa kukwangua sufuria.
Mahindi yalikuwa na ndevu, hayakuwa na punje.
Mwenye duka pale Namanyonyi
alikuwa amefunga daftari la madeni
akaliweka kitini, akalikalia.
Nilikuzaa kwa uji wa ulezi usio na sukari.
Babu yako akachungulia mlangoni, akasema: Wanzala.
Njaa.
Hakumuuliza mtu. Alilisema
kama anayetazama mawingu na kutaja atakachokiona.

Nikanyamaza siku saba.
Mzazi hana nguvu za kubishana, ila ana muda.

Siku ya nane ngariba akafika kutoka Namutumba,
amechelewa, tope hadi magotini,
kisu kimo ndani ya taulo, taulo ndani ya begi la shule.
Wakakulaza mtoni mwa babu, kwenye mto wangu wa harusi.
Tone la divai ulimini, zabibu kavu
tulizozichemsha wenyewe kwenye birika la chai.
Ukalia kidogo. Ukalala.
"Na jina lake katika Israeli?"
Wanaume hawajamaliza kukohoa,
nikajibu nyuma ya pazia: Eldadi.
Mungu amependa.
Babu yako akanigeukia
kama Balaamu alivyomgeukia punda wake.

Basi ukakua na majina mawili,
shuleni Wanzala, Sabato Eldadi,
na nikikuita yote kwa pamoja
ulijua umevunja kitu.

Mwaka huu ni mwaka wa tohara.
Kadodi zinateremka Wanale tangu alfajiri.
Kuloba, aliyekufundisha kuchunga mbuzi,
ana njuga mapajani na kimea usoni,
anawaalika wajomba zake. Agosti atasimama
mbele ya kisu, jicho lisipepese.
Kisimani wakakuuliza:
wewe ulikatwa lini? Ulisimama?
Ukasema kweli: nilikuwa nimelala.
Walicheka hadi madumu yakamwagika.
Usiku ule hukugusa malewa,
nami nilikuwa nimeyaunga kwa karanga.

Mwalimu Yokana alikwambia: gombo halina irabu.
Ni herufi kavu, mifupa kwenye sahani,
nyama uilete mwenyewe kwa mdomo wako.
Miezi mitano nimekusikia ukiileta,
nyuma ya banda la kuku, chini ya shuka, chooni.

Ikafika Sabato yako.
Ukasoma watu wale wa jangwani, wamechoka na mana,
wanalia milangoni pa mahema,
wanakumbuka matango ya Misri na vitunguu.
Nikajisemea: jina la babu hilo.
Ukasoma wazee walioitwa hemani.
Wawili hawakutoka.
Walibaki kambini, na roho ikawakuta hukohuko.
Mmoja Medadi.
Mwingine, sauti yako ikapasuka katikati,
nusu ya mtoto, nusu ya sijui nani,
na papo hapo kadodi ikapita barabarani,
mabati yakatetemeka, kidole cha fedha kikasimama
juu ya jina lako.

Hakuna aliyekusaidia. Hata Yokana.
Nilibana shali yangu kwa meno.

Ngoma ikapita.
Ukalisoma upya, taratibu, kutoka herufi ya kwanza.

Ndipo nilipomwona dirishani Kuloba,
ameachana na wachezaji wake,
ameshika njuga zake kwa mikono miwili
zisilie.

Nje akakuuliza: ulitetemeka?
"Sauti. Magoti hapana."
Akafikiri kidogo. Mimi, akasema,
naogopa magoti.

Nikakuita, majina yote mawili.
Ukashtuka, ukatazama chini
kama kuna kikombe kimevunjika.
Hapana. Ni chakula tu.
Nilipika nyama tangu jana, kabla jua halijazama.
Njoo na mwenzako,
na afute kile kimea, kinadondokea mkeka wangu.